KUNGUNI WA SOYA WAHESABIWE KWANZA, DAWA BAADAYE

Ndugu wanachama wa ushirika, ndugu wanakijiji wote, akina mama, akina baba, na ninyi vijana mnaopita hapa ghalani mkasimama kusoma:

Katika mkutano uliopita lilitolewa pendekezo kwamba fedha za mfuko wa ushirika zinunue dawa ya wadudu kwa makatoni, kila mwenye soya agawiwe chupa, na kijiji kizima kipulize mara tatu: soya ikianza kutoa maua, halafu baada ya wiki mbili, halafu tena baada ya wiki mbili. Wengi walipiga makofi. Sisi tunaoandika ukuta huu hatukupiga makofi, na leo tunasema kwa maandishi kwa nini. Pendekezo hilo ni bovu. Halikuwa bovu kwa sababu dawa ni haramu, hapana, dawa ina siku yake. Ni bovu kwa sababu mpaka mkutano unafungwa hakusimama hata mtu mmoja kutuambia shambani kwake mna kunguni wangapi.

Mtoto akichemka mwili usiku, asubuhi si tunampeleka zahanati apimwe damu kwanza? Nesi akimpa mtoto vidonge vya malaria bila kumpima, akina mama mtapiga kelele mpaka tarafani. Lakini soya, ambayo ndiyo ada ya shule na bati la nyumba, mnataka ipewe dawa kwa kalenda!

Tunajua hasira ilikotoka. Msimu uliopita magunia yetu yalirudishwa mizani. Punje zilikuwa zimesinyaa, nyingine zina madoa ya kahawia, nyingine bapa kama mbegu za boga. Watu walilia kwamba wameonewa na mpimaji. Hatukuonewa, ndugu. Tulifungua punje zile hapa ghalani mbele ya kamati, na kila aliyekuwepo aliona alama ya kutobolewa, kitone kidogo, na pembeni yake nyama ya punje imekuwa nyeupe kama chaki. Ile ni kazi ya kunguni wa kijani, yule mwenye umbo la ngao, anayenuka ukimbana. Tangu mwaka 2020, Tanzania ilipokubaliana na China kuwauzia soya, tunaambiwa kila siku soko lipo. Soko lipo kwa soya iliyojaa. Soya iliyonyonywa haina soko hata kwa kuku.

Sasa tuwajibu wale wa upande wa pili, maana nao wapo, na wao walikaa kimya mkutanoni wakicheka. Hao ndio wanaosema soya haina wadudu, panda ukalale. Na wakiulizwa kunguni wametoka wapi wanasema eti wameletwa na mbegu za kisasa. Maneno haya tunayakataa. Soya ndiyo mgeni. Asili yake ni China, na huku kwetu Wajerumani waliileta Amani, kule Tanga, mwaka 1907. Kunguni wa kijani ndiye mwenyeji: wataalamu waliochunguza asili yake wanaielekeza Afrika. Alikuwa hapa kwenye kunde, kwenye mbaazi, kwenye marejea na kwenye magugu ya jamii ya maharage kabla babu zetu hawajaijua soya. Tulipomletea ekari na ekari za soya tulimwandalia karamu. Kwa hiyo kubadilisha mbegu hakumwondoi, na kulala hakumwondoi.

Na mtu asituambie "shamba langu lilikuwa zuri, la kijani mpaka mwezi wa sita." Ndugu yetu mmoja alijisifu hivyo klabuni, wenzake soya imekauka na yake bado inang'aa majani. Kumbe maganda yalikuwa matupu. Soya ikinyonywa sana punje zikafa ndani ya ganda, mmea unakosa mtoto wa kulisha, basi haukauki kwa wakati, unabaki na majani na shina bichi. Rangi ile ya kijani iliyomfurahisha ilikuwa tangazo la msiba. Angefungua maganda kumi tu angeujua ukweli mwezi wa nne.

Hebu sasa tumweleze mdudu mwenyewe, maana vita bila kumjua adui ni kelele.

Kunguni huyu hana meno. Ana mrija, kama sindano, anauficha chini ya kifua. Anatoboa ganda, anafika kwenye punje, anatema mate yake ndani, halafu ananyonya. Ganda kwa nje linabaki zima, ndiyo maana mtu anapita na jembe begani anasema shamba liko salama. Pale alipotoboa huweza kuingia pia vimelea vya ukungu vinavyoozesha punje. Akitoboa ganda changa, ganda linadondoka au punje haikui kabisa. Akitoboa punje inayojaa, inasinyaa. Na akigusa kiini cha punje, hiyo ukiipanda haioti, hata kama kwa macho inaonekana nzuri. Wenye mashamba ya mbegu sikieni hapo.

Jike anataga mayai chini ya jani, kwa mafungu, fungu moja linaweza kuwa na mayai thelathini na zaidi, hata kupita mia, yamepangwa kwa mistari kama mapipa madogo bohari. Yakiwa mapya ni meupe yenye kaumanjano, na yakikaribia kuanguliwa yanageuka rangi ya waridi. Kukiwa na joto yanaanguliwa baada ya siku tano hivi. Makinda yakitoka hayatawanyiki, yanakaa yamejikusanya juu ya maganda ya mayai, wala siku hizo za kwanza hayali mmea. Baadaye ndiyo yanatawanyika, yana madoa meupe na mekundu, watu wengi wanadhani ni mdudu mwingine. Tangu yai mpaka kunguni mwenye mabawa ni kama wiki tano. Mnaona basi? Mdudu huyu haji kama radi. Anatupa nafasi ya kumwona, sisi ndio hatuangalii.

Na jambo kubwa kuliko yote, ambalo pendekezo la mkutanoni limelikanyaga, ni wakati. Soya ikiwa na majani tu, kunguni hana hasara ya maana. Ikiwa kwenye maua, bado. Hatari inaanza maganda yanapofungwa, inazidi sana punje zinapojaa, na inakwisha punje zikishakomaa na maganda kuanza kugeuka manjano. Kwa sisi tunaopanda mwezi wa kumi na mbili na wa kwanza, siku zenyewe ziko Machi na Aprili. Sasa pendekezo linasema tupulize mara ya kwanza kwenye maua! Kwenye maua tutaua nani? Tutaua nyuki. Wapo wazee hapa wana mizinga kando ya mashamba, na asali yao ni mali kama soya ilivyo mali. Tena tutamuua rafiki ambaye wengi hamjawahi kumwona.

Rafiki huyo ni nyigu mweusi, mdogo kuliko sisimizi. Yeye anataga ndani ya mayai ya kunguni, na mtoto wake anakula yai kwa ndani. Ukiona fungu la mayai limegeuka jeusi badala ya waridi, jua nyigu ameshafika, usiliguse, liache hapo hapo litoe nyigu wengine. Waaustralia walikuwa na kunguni huyu bila nyigu, ikabidi mwaka 1933 wamchukue nyigu kutoka Misri, wakamvusha bahari. Brazil nako wamemfuga na kumwachia mashambani. Nyigu wa jamii hiyo wapo Afrika hii hii, hawadai mshahara, na sisi tunataka kuchanga fedha tuwapulizie sumu wiki tatu kabla adui mwenyewe hajawa hatari. Wakishakufa wao, kunguni watakaoingia kutoka vichakani watakuta mayai yao hayana askari.

Tulisema tutatoa njia badala ya kupinga tu. Njia yenyewe ni kitambaa.

Chukua kitambaa cheupe, hata kiroba cha unga kilichopasuliwa na kufuliwa kinatosha, chenye urefu wa mita moja. Shona fito mbili pembeni. Nenda shambani asubuhi, kabla jua halijawa kali, kwa sababu asubuhi kunguni wanapanda juu ya mmea kuota jua, na saa sita wanajificha chini. Tandika kitambaa kati ya mistari, inamisha mimea ya mstari mmoja juu yake, ikung'ute kwa nguvu, halafu hesabu haraka kabla wakubwa hawajaruka. Hesabu wenye mabawa, na makinda yaliyofikia nusu sentimita. Madogo kuliko hayo usiyaweke kwenye hesabu, lakini yaandike pembeni, kwa sababu wiki ijayo yatakuwa makubwa. Fanya hivyo mahali sita katika shamba, pembeni na katikati, kila wiki, kuanzia maganda yanapofungwa mpaka yanapoanza manjano.

Aliyepanda kwa kumwaga hawezi kufanya haya, na hilo ni somo lake la mwakani. Panda kwa mistari.

Hesabu yenyewe si ya chuo kikuu. Tuseme mahali pa kwanza umepata mmoja, pa pili hakuna, pa tatu watatu, pa nne wawili, pa tano hakuna, pa sita mmoja. Jumla saba, gawanya kwa sita, ni mmoja na kidogo kwa mita. Sisi tuliojifunza kuandika ukubwani, kwenye darasa la kisomo, tukishika chaki kwa vidole vilivyozoea jembe, hesabu hii tunaiweza. Basi hatutaki kusikia kijana wa kidato cha nne anasema ni ngumu.

Brazil, nchi inayolima soya nyingi kuliko nchi zote duniani, watafiti wao wa shirika la kilimo la Embrapa walipiga mstari hivi: kwa soya ya kuuza punje, puliza ukikuta kunguni wawili kwa mita moja ya mstari, kwa soya ya mbegu, puliza ukikuta mmoja. Chini ya hapo, gharama ya dawa ni kubwa kuliko hasara ya mdudu. Kwa hiyo yule mwenye mmoja na kidogo kama ni wa kuuza anarudi nyumbani, hapulizi, anakuja tena wiki ijayo. Kama ni mwenye mbegu ya kuazimiwa ubora, anapuliza. Shamba moja na shamba la pili, majibu mawili! Kalenda inayatofautishaje?

Huko Brazil kuhesabu kulianza katikati ya miaka ya 1970. Kabla ya hapo wakulima wao walikuwa wanapuliza karibu mara sita kwa msimu. Waliofuata kitambaa walishuka mpaka kama mara mbili. Baadaye wengi walirudia uvivu, wakapuliza kwa kalenda, na kunguni wao wa kahawia wakaanza kuzoea baadhi ya dawa mpaka haziwaui tena. Kuanzia msimu wa 2013/2014, katika jimbo la Paraná, walipima tena mashamba ya kuhesabu na mashamba ya jirani zao: waliohesabu walipuliza karibu nusu tu, na mavuno yao hayakupungua. Hao ni watu wenye matrekta na ndege za kupulizia. Sisi wenye bomba la mgongoni, ambao kila lita ya maji tunaibeba kutoka mtoni, ndio tupulize mara tatu bila sababu?

Tunajua pia nani aliandika kalenda ile. Ilikuja mkutanoni imechapwa, ina picha ya chupa. Anayeuza chupa hawezi kukuambia usubiri. Hatumlaumu kwa kufanya biashara, lakini mfuko huu si wa duka lake. Tumechanga kilo kwa kilo mizani.

Na ikifika siku ya kupuliza, tupuliza kama watu wazima. Dawa iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, kibandiko kisomeke, na kionyeshe kwamba inafaa kwa kunguni wa soya au mikunde. Dawa ya viwavi vya mahindi iliyobaki ndani si dawa ya kila kitu. Bwana shamba aulizwe. Kipimo ni kile cha kibandiko, si kifuniko na nusu kwa sababu jirani alifanya hivyo. Jioni, nyuki wakishalala. Siku za kusubiri kabla ya kuvuna ziheshimiwe. Na chupa tupu isirudi jikoni kuwekea mafuta, tumeshasema, na tutasema tena. Kuna jambo Wabrazil walifanya, la kuchanganya nusu kilo ya chumvi ya chakula katika lita mia za maji ili kunguni akae zaidi penye dawa, wakapunguza dawa mpaka nusu. Limewafaa wao, ila chumvi inakula bomba lisipooshwa vizuri. Hatuwaambii mlifanye kabla bwana shamba hajakubali; tunaliandika ili mjue kwamba anayehesabu hupata hata akili ya kupunguza.

Mara nyingi hata shamba zima halihitaji. Kunguni wanaingia kutoka pembeni, kutoka kwenye kunde za jirani au kichakani. Ukikuta wanne pembeni na katikati hakuna, puliza mistari ya pembeni, basi. Wapo wanaotumia ujanja huo kwa makusudi: wanapanda ukanda wa kunde au marejea au soya ya kukomaa mapema kandokando, kunguni wanakusanyika hapo kwanza, wanauawa hapo. Marejea sisi watu wa Ruvuma hatuhitaji kufundishwa, tumeyalima kwa ajili ya rutuba miaka mingi. Lakini angalizo: ukipanda ukanda huo na usiende kuua, umefuga. Kunguni watazaa hapo wahamie kwa soya yako.

Na hapa ndipo linapokuja suala la ujirani, ambalo ndilo la ushirika. Kunguni ana mabawa. Shamba lililopandwa kwa kuchelewa, majani na maganda yake mabichi wakati wengine wanavuna, ndilo linalopokea kunguni wote wa kijiji. Anayechelewa anapata hasara mara mbili, na tena anawatunzia kunguni chakula cha kuvukia. Kwa hiyo tunataka mashamba ya bonde moja yapandwe ndani ya wiki mbili, na yahesabiwe siku moja. Hesabu ya mtu mmoja ni ya shamba lake. Hesabu za nyumba kumi zikiandikwa kwenye ukuta huu, kila mtu ataona adui anatokea upande gani wa bonde.

Kuna aliyesema kuhesabu ni kazi ya wanawake, na wao wana kazi nyingi. Ni kweli wana kazi nyingi, basi achukue kitambaa yeye. Kung'uta mahali sita kunamaliza muda mfupi kuliko ule anaokaa kijiweni asubuhi akisubiri umande ukauke. Tena umande ukiwepo kunguni ni wazito wa kuruka, ndiyo saa nzuri.

Pendekezo letu basi ni hili. Fedha za mfuko zisinunue makatoni. Sehemu ndogo inunue vitambaa, daftari na kalamu kwa kila nyumba kumi, na vifaa vya kujikinga vya watu wachache watakaofundishwa kupuliza. Sehemu kubwa ibaki benki mpaka hesabu zije. Bonde likifika wawili kwa mita, kamati ikanunue dawa siku hiyo hiyo kwa mashamba yaliyofika, na kila aliyepulizia alipe kwa kukatwa mizani. Asiyefika asilipe. Asiyehesabu asipewe chupa, hata akiwa mjumbe wa kamati, hata akiwa katibu wa tawi.

Jumamosi ijayo saa mbili asubuhi tunakutana shamba la darasa la kisomo, lile la nyuma ya zahanati, maganda yameshafungwa. Tutakung'uta mbele ya wote, na matokeo yatabandikwa hapa kabla ya saa sita. Vitambaa vitano vya mfano vipo kwa mtunza ghala. Kila balozi aje na daftari. Waliotoa pendekezo la kalenda nao tunawaomba waje, na waje na bomba zao kama wanataka, ila zikae kivulini mpaka tumalize kuhesabu.

Katibu wa Tawi, kwa niaba ya wahariri wa ukuta